Mtu ametoka kasho (gerezani), hasira haijatoka: mwongozo kamili wa nyumbani, hatua kwa hatua

Kila wiki napata ujumbe wa namna moja. "Tulifanya ile ya kuhema, akazidi kuwaka." "Nilimwambia baba watoto atulie, akapindua meza na bugali juu yake." "Tulimfungia chumbani apoe kidogo, mpaka leo hatusalimii." Nimesoma za hivi nyingi mpaka nimeona kosa ni moja: watu wanaanza kazi wakati moto umeshashika paa.

Mimi ni APS (mhudumu wa msaada wa kisaikolojia) hapa Bukavu, tunakaa na watu kwenye nyumba ya kusikiliza, ila kabla sijawa APS nilikuwa mdogo wa mtu aliyekaa ndani miezi 14 juu ya siasa, na karibu kila kosa nitakalokukataza hapa chini nimelifanya mwenyewe kwa yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa. Habari ya nani alimfunga nani na kwa utawala gani naiacha nje, haikusaidii kitu saa mbili usiku sahani zikiruka.

Neno moja tu la kuelewa kabla ya kazi. Kule ndani mtu alipigwa, alitukanwa, na hakuweza kujibu maana ukijibu unaongezewa, basi hasira yote ikamezwa. Wakati huohuo mwili ukajifunza ulinzi: kusikia buti kutoka mbali, kulala jicho moja wazi, kusoma uso wa kapita (mfungwa anayesimamia wenzake) kabla hajafungua mdomo. Sasa ametoka, lakini hakuna aliyeuambia mwili kwamba zamu imeisha. Mlinzi bado amesimama mlangoni na rungu yake, na anayepita mlangoni siku hizi ni wewe na watoto.

Ikiwa umepita zaidi ya mwezi 1 na bado kuna ndoto mbaya, kushtuka kwa kitu kidogo, kukwepa watu na mahali, na hii hasira, hiyo ni trauma na ina matibabu. Si mapepo. Na si "amerudi na roho ya gereza" kama mama mkwe wa mtu mmoja alivyotangaza kwa avenyu nzima.

Vitu vya kutafuta kwanza

- Kaye (daftari) moja ndogo na biki (kalamu). Ndogo kabisa, ya kuingia mfukoni.
- Ufunguo wa mlango wa mbele, wake yeye mwenyewe. Kama nyumba ina ufunguo mmoja tu, mchongeshe wa pili. Hii usiiruke, utaona kwa nini.
- Tochi ya kukaa kando ya kitanda chake, si ya watoto kuchezea.
- Kijerikani cha maji baridi na kikombe, mahali pamoja kila siku.
- Viatu visivyouma.
- Mtu mmoja wa nje: jirani, shemeji, rafiki, ambaye akipigiwa simu saa yoyote atapokea na hatakuwa na mdomo mrefu.
- Wiki 6. Siku 3 hazitoshi, na waliokuja kuniambia "haifanyi kazi" karibu wote walijaribu siku 3.

Kisichohitajika ni mkutano wa familia. Ndugu 9 sebuleni wanamuuliza mtu mmoja maswali, yeye kwenye kiti cha katikati, wote wanamtazama. Hebu fikiria hiyo inamkumbusha nini.

Na yeye mwenyewe lazima akubali. Kule walimwamulia hata saa ya kwenda chooni. Ukimfanyia hatua hizi kwa siri, au kwa amri, umekuwa kapita mwingine. Msomee mwongozo huu akiwa ametulia, umuulize, "Yaya, tungeanza na ipi?" Akichagua kuanza na ya nne, anzeni na ya nne. Moja tu siwezi kukubali aiache, na ndiyo ya kwanza.

Hatua ya 1: Mwili kwanza, hospitali kabla ya ushauri

Watu wanakimbilia pasta na mshauri, kumbe mtu anaumwa. Maumivu ya kila siku yanatosha kumfanya hata mtu ambaye hajawahi kuona kasho awe mkali.

Mwambieni daktari wazi kwamba ametoka gerezani, na mwulizie haya:

Kifua. Ndani watu wanalala wamebanana, hewa hakuna, na kifua kikuu kinatembea. Kikohozi kilichopita wiki 2, kukonda, jasho la usiku: apimwe makohozi. Matibabu ya kifua kikuu ni ya bure kwenye programu ya taifa, kwa hiyo usikubali kuuziwa sirapu ya kikohozi mwezi mzima.

Kichwa. Je, alipigwa kichwani, alizimia? Kipigo cha kichwa peke yake kinaweza kuacha hasira za haraka, kusahausahau, kuchukia kelele na mwanga, hata kama hakuna kovu. Hii familia nyingi hazijui, wanasema "amekuwa mbaya" wakati ubongo uliumia.

Miguu na mabega. Aliyechapwa nyayo anaweza kuumia kutembea miaka mingi, na aliyetundikwa kwa mikono mabega hayainuki vizuri. Hawasemi, wanaona haya. Utamwona anashuka ngazi za Kadutu pole pole kama mzee, mtu wa miaka 35.

Kwa mwanamke aliyefungwa kuna zaidi. Wengi walibakwa ndani na hawatamwambia mume wala kaka, na usilazimishe akuambie. Mpeleke kwa mhudumu mwanamke, wewe baki nje. Hospitali ya Panzi hapa Bukavu wamezoea kazi hiyo tangu 1999, na pale mtu anapata daktari, mtu wa kuongea naye na mtu wa sheria ndani ya uzio mmoja.

Mafanikio hapa: unajua kinachouma ni nini, na amepewa kitu cha kupunguza. Kuna muzee mmoja ambaye nusu ya hasira yake ilikuwa meno. Meno tu, aling'olewa mawili na bibi yake akaja kunishukuru mimi ambaye sikufanya kitu.

Hatua ya 2: Panga nyumba isifanane na kule

Kaa naye, au kaa peke yako kama bado hataki, uhesabu vitu vya nyumbani vinavyofanana na kasho. Sauti ya komeo. Mlango unaofungwa kwa nguvu. Tochi usoni usiku umeme ukikatika. Kuitwa jina kwa sauti kubwa kutoka nje, maana usiku wakiita jina kule, mwitwaji hakujua anapelekwa wapi. Gari linalosimama mbele ya nyumba injini ikiunguruma. Hata chakula: mahindi yaliyochanganywa na maharage ni vungule, na vungule ni gereza, usimpikie hata kama ni mwisho wa mwezi na hakuna kingine, tenganisha sufuria.

Na maneno pia. Tukisema makala kila mtu wa Bukavu anawaza moto wa kupikia, yaya yangu anawaza gereza la Makala, Kinshasa. Mke wake siku hizi anatuma mtoto "alete ya mbabula" (jiko la makaa) na mambo yanaenda.

Sasa ufunguo. Mimi mwenyewe, mwezi wa pili baada ya yeye kurudi, alikasirika juu ya redio, nikaona atatoka nje apigane na mtu, nikafunga mlango na komeo nikasimama mbele yake. Nilidhani namlinda. Alivunja mlango, kisha alivunja kidole changu hiki cha kulia, kisha alikaa chini akalia mpaka asubuhi. Mtu aliyekaa ndani usimfungie mlango. Kamwe, hata kwa mapenzi. Mpe ufunguo wake, uone atakavyoamka usiku mara 3 kuhakikisha kwamba mlango unafunguka, mwache, baada ya muda itakuwa mara 1.

Kiti chake kiwe mahali anapoona mlango, mgongo kwenye ukuta. Panga, shoka na dawa ya panya vihamie kwa jirani, bila tangazo, sema tu zimeazimwa.

Mafanikio: anakaa chini dakika 20 bila kusimama kuchungulia dirishani.

Hatua ya 3: Kaye ya siku 7

Hapa hakuna kubadilisha chochote, ni kuandika tu. Kila hasira inapopita, akishapoa, anaandika mistari 4: saa ngapi, nini kilitokea kabla kidogo, mwili ulifanya nini, na namba kutoka 0 mpaka 10. Sifuri ni kukaa kando ya ziwa jioni na hakuna anayekudai. Kumi ni hujui ulichofanya.

Kama haandiki, mtoto mkubwa asiandike kwa niaba yake. Andika wewe mtu mzima, au aseme kwa sauti mkumbuke pamoja.

Kwa nini? Kwa sababu yeye anaamini hasira inamjia ghafla kama umeme, na nyie mnaamini anaitafuta. Kaye itaonyesha wote mmekosea. Siku 7 zikiisha mtaona mpangilio. Kwa yaya ilikuwa: Jumatatu, kwa sababu alitoka kwa dhamana na Jumatatu ni siku ya kwenda kutia saini parke (kwa mwendesha mashtaka), kwa hiyo kuanzia Jumapili mchana nyumba inawaka. Saa ya habari jioni. Foleni yoyote, hata ya maji. Na akirudi kwenye ile parlement debout ya vijana wanaobishana siasa barabarani anafika nyumbani yuko tayari kwenye 6, ukimuuliza tu "umeleta chumvi?" inafika 9 na chumvi inaonekana ndiyo mwenye kosa.

ONYO, na hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani kwako: kaye isiwe na jina la mtu aliyemtesa, jina la mwenzake wa kasho, mahali, wala tarehe za kukamatwa. Saa, mwili, namba, basi. Nyumba ya mtu wa siasa inaweza kupekuliwa wakati wowote, na kaye ya hasira isigeuke ushahidi. Vilevile usipige picha kurasa ukazituma kwa simu, hata kwangu.

Mafanikio: mnaweza kutaja vitu 3 vinavyowasha na saa 1 ya hatari kila siku.

Hatua ya 4: Tafuta 4, achana na 9

Hii ndiyo hatua ambayo ikieleweka zingine zinakuwa rahisi, na ndiyo watu wanairuka.

Kwenye 9 akili haisikii maneno. Damu imeenda mikononi na miguuni, moyo unapiga kama ngoma, sehemu ya ubongo inayopima na kuchagua imefunikwa na ile inayopiga kengele ya hatari. Ukimwambia "hema", "tulia", "fikiria watoto", unapiga kelele juu ya kelele. Ndiyo maana ile ya kuhema "iliharibika zaidi": haikuharibika, mliichelewesha.

Kazi iko kwenye 4. Na 4 haina maneno, ina mwili. Muulize: kabla hujapaza sauti, wapi panaanza? Mmoja ni taya inayokaza. Mwingine masikio yanapata moto. Mwingine vidole vya miguu vinajikunja ndani ya kiatu. Yaya anaanza kukunja mkono wa kushoto wa shati, na hakujua mpaka mke wake alipomwambia, walicheka sana siku hiyo, nadhani ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka juu ya hasira.

Chagueni dalili moja ya mwili. Iandikwe kwenye jalada la kaye. Mke au kaka anaweza kusaidia kuiona, lakini mkubaliane kabla namna ya kumwambia: si "umeanza!", ni kitu laini, kumsogezea kikombe cha maji bila neno.

Mafanikio: amejikamata mwenyewe kwenye 4 au 5 mara 2 ndani ya wiki. Mara 2 tu, usidai zaidi.

Hatua ya 5: Kuhema, lakini saa za baridi

Mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya ile saa ya hatari mliyoipata kwenye kaye, dakika 5. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa kwa mdomo pole pole ukihesabu 6, kama unapuliza makala yashike bila kurusha majivu (samahani yaya). Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta kunapunguza mapigo ya moyo, mwili unapata habari kwamba hatari iko mbali.

Makosa ninayoyaona. La kwanza, kumwambia afunge macho. Mtu aliyefunikwa kitambaa usoni hatafunga macho mbele yako, na ana haki, basi atazame kitu kimoja, msumari ukutani, mti wa parachichi. La pili, kumwambia abane pumzi. Kuna waliotumbukizwa kichwa kwenye maji, kuna waliofunikwa mfuko wa plastiki. Hakuna kubana. Akihisi kizunguzungu au woga unapanda, aache, aweke miguu chini vizuri, ataje kwa sauti vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini inamrudisha kwenye chumba hiki cha leo.

Baada ya wiki 2 za mazoezi ya baridi ndipo anaweza kuitumia kwenye 4. Kwenye 9 bado hapana.

Hatua ya 6: Mapumziko, na hapa kaa kidogo

Naita mapumziko kama ya mpira kwa sababu. Kwenye mpira refa akipuliza dakika ya 45 hakuna aliyeshinda, hakuna anayekimbia, kila mtu anajua timu zitarudi uwanjani. Watu wakisikia "ondoka ukikasirika" wanafanya ya kuondoka tu, bwana anatoka bila neno anarudi usiku wa manane amelewa, na mke alikuwa anawaza labda wamemkamata tena. Hayo si mapumziko, huko ni kukimbia, na kwa familia ya mfungwa wa siasa mtu kutoweka masaa 5 ni mateso ya aina yake.

Makubaliano yafanyike siku nzuri, baada ya chakula, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zimekaangwa, watu wameshiba. Mnapanga vitu 5.

Neno. Liwe fupi na lisilo na matusi ndani. Kwao ni "naenda kuangalia ziwa". Bukavu ziwa linaonekana kila kilima, halikosi. Mtu yeyote wa nyumba anaruhusiwa kulisema, hata mke, na likisemwa mazungumzo yanakatika palepale, hata kama ulikuwa na jibu tamu mdomoni. Hasa kama ulikuwa na jibu tamu mdomoni.

Njia. Anapita wapi? Chora kabisa. Isipite kwenye kabare (baa), isipite kwenye kizuizi cha wenye silaha, isipite kwa yule anayemdai. Kushuka halafu kupanda kilima ni kuzuri, kupanda kunamaliza nguvu iliyokuwa inatafuta ngumi. Kama usiku si salama kutoka, na siku hizi mara nyingi si salama, njia inakuwa nyuma ya nyumba au chumba cha pili mlango WAZI. Asiyeweza kutembea juu ya nyayo aoshe uso na mikono kwa maji baridi, afue shati, apasue kuni kama panga haikutoka nyumbani, hapana nimekosea, panga tumeshaipeleka kwa jirani.

Muda. Si chini ya dakika 20, mwili unahitaji hizo kushuka, na si zaidi ya saa 1. Anaenda na simu. Akichelewa anatuma ujumbe wa neno moja.

Asiyefuatwa. Hakuna kumfuata, hakuna kumvuta shati, hakuna kusimama mlangoni. Mama mzazi aelezwe peke yake na kwa heshima, maana mama ndiye anayefuata, kila mara, "mwanangu rudi mwanangu rudi", na mwanawe anarudi na moto mara mbili.

Watoto. Wanajua waende wapi: kwa yule mtu wa nje, au chumba cha nyuma na dada yao. Waambiwe kwa lugha yao kwamba papa anaumwa ugonjwa wa kushtuka, si kosa lao, na si kazi yao kumtuliza. Mtoto wa miaka 7 anayemletea baba yake maji akitetemeka amepewa kazi ya mtu mzima.

Kisha fanyeni rehearsal, kama kwaya. Mtu hana hasira yoyote, anasema neno, anatoka, anazunguka, anarudi. Mara 3. Mtaona aibu, mtacheka, fanyeni tu. Wanaoruka hiyo ndio wanaoniandikia.

Mafanikio: neno limesemwa, limeheshimiwa na pande zote, na AMERUDI. Kama alirudi akiwa bado kwenye 5, ni mafanikio bado.

Hatua ya 7: Kipindi cha pili

Akirudi usianze na "umeshapoa?" Maji kwanza, au chai. Yeye anaanza: anasema namba yake, halafu sentensi moja ya kilichomgusa. "Nilikuwa 7. Ulipoongea nikiwa nimekupa mgongo nilisikia kama kule." Wewe unasema moja yako. Mkiwa wote chini ya 4 mnarudi kwenye jambo lenyewe, chumvi, pesa ya shule, lolote. Kama bado, mnalisogeza kwa kesho saa fulani, na kesho mnalifungua kweli, la sivyo "ziwa" litakuwa mbinu ya kukwepa ada ya shule, nimeiona hiyo pia.

Kama alivunja kitu, anakilipa au anakitengeneza. Kama aliumiza mtu, mapumziko hayatoshi, soma chini. Trauma inaeleza kwa nini alipiga, haimpi ruhusa ya kupiga, na wewe bibi hukuwekwa pale kuwa ngoma ya kasho la mtu.

Hatua ya 8: Usiku

Akiota na kupiga kelele usimguse, usimtikise. Simama upande wa miguu, mbali na mkono, washa tochi yake ukielekeza ukutani, mwite jina lake la nyumbani pole pole, sema "uko kwetu, ni Bukavu, ni mimi". Mke wa mtu mmoja wa Bagira alipigwa kiwiko jicho lote likavimba na mume hakuwa hata ameamka.

Ndoto moja ikijirudia, ipo kazi ya mchana: aieleze kidogo akiwa ametulia, abadilishe sehemu yoyote anayotaka (mlango unafunguka, marehemu baba yake anaingia na kuwafukuza, yeyote), kisha airudie ile mpya kichwani dakika 10 kila siku kabla ya kulala. Wengine inawasaidia ndani ya wiki chache. Aanze na ndoto ndogo, si ile mbaya kuliko zote.

Hatua ya 9: Kanyanga (pombe kali) na vidonge

Fupi. Kasiksi, kanyanga, bia, zinaleta usingizi saa 4 usiku na kuuchukua saa 8, na kinachobaki ni ndoto na breki zilizokatika. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla peke yake, ni hatari, apelekwe kwa daktari apunguziwe.

Diazepam ya farmasi ya kona, ile wanauza bila karatasi kama pipi: si dawa ya trauma. Inatuliza leo, inazoesha mwili, na hasira ikirudi inarudi na deni. Dawa zenye kazi zipo, kama sertraline au fluoxetine, ila zinaandikwa na daktari, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kitu, na haziachwi siku moja kwa sababu "nimepona". Hapa Bukavu SOSAME wanatibu magonjwa ya akili na si "nyumba ya vichaa" kama watoto wa shule wanavyotaniana. Goma kuna Tulizo Letu.

Hatua ya 10: Stori yenyewe, siyo na wewe

Kila familia inataka asimulie. "Atoe moyoni." Sikiliza, akisimulia mwenyewe msikilize bila kuuliza "halafu?", na akinyamaza nyamaza. Kuchimba stori nzima ya mateso ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Kuna namna moja iliyotengenezwa kwa watu wa vita na mateso na ikatumika hata huku mashariki mwa Kongo: mtu anatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa, anaweka maua kwa mazuri na majiwe kwa mabaya, halafu jiwe moja baada ya lingine linasimuliwa mpaka mwisho, mpaka pale alipotoka hai, vikao vya dakika 90 hivi. Nimekaa kwenye mafunzo yake nikaweka kamba yangu. Nilishangaa maua yalivyokuwa mengi kabla ya jiwe la kwanza. Ila usifanye nyumbani na kamba ya nguo, jiwe likiinuliwa na hakuna wa kulishika linamwangukia.

Hapa pia niseme jambo ambalo halinipi marafiki kanisani. Usimharakishe kusamehe. Hasira ya mtu aliyeonewa ina sehemu ya ukweli ndani yake, alifungwa bure, na hata wale karibu 700 walioachiwa kwa msamaha wa rais Machi 2019 kuna waliouliza, tunasamehewa kosa gani? Tunachopunguza hapa ni ile inayoangukia watoto. Ile nyingine, ya haki, ina mahali pake: mwanasheria, ushahidi, wenzake waliofungwa pamoja wakikutana kila mwezi bila redio na bila kanyanga. Kusamehe akitaka atasamehe siku yake.

Wakati wa kuacha mwongozo na kukimbia

Akiongea kwamba afadhali angekufa kule, akianza kugawa vitu vyake, akimpiga mtu, akisikia sauti ambazo hamzisikii, au akianza kupanga kwa utulivu kumfuata fulani na panga: usihesabu pumzi. Watoto na mke waondoke kwanza, mpigie yule mtu wa nje, mumpeleke hospitali mchana huohuo, asiachwe peke yake usiku. Polisi ni ya mwisho kabisa, unajua kwa nini, kumwona mwenye sare mlangoni inaweza kumrudisha 10 papo hapo, ila kama maisha ya mtu yako hatarini hiyo "mwisho kabisa" imefika.

Na kuna wiki mtarudi nyuma. Wiki ya tarehe aliyokamatwa. Wiki ya saini. Wiki ambayo mwenzake amekufa ndani. Rudini hatua ya 3, siku 7 za kuandika bila kubadilisha kitu, halafu ya 6 na rehearsal zake.

Kaye ikijaa msiiweke kabatini na msiitupe jalalani. Kata dalili iliyo kwenye jalada uihamishie kaye mpya, zingine zote choma jioni mkipika. Yaya alichoma yake ya tatu mwezi uliopita, ukurasa mmoja mmoja kwenye mbabula, sombe juu yake inachemka, na mke wake akamwambia asiharakishe, moto ulikuwa unahitajika.